Kabla hujalipia nembo: mteja wako dukani atasema "nipe ile" ipi?

#1 MchoraVibao

Wakuu, heshima kwenu.

Nasoma nyuzi za wajasiriamali humu muda mrefu, na haipiti wiki bila mtu kuuliza: "Nafungua biashara, nani anitengenezee nembo nzuri kwa bei nafuu?" Watu wanamwaga namba zao za WhatsApp, uzi unaishia hapo. Leo nataka niandike kwa kirefu, maana kazi hii ndiyo inayonilisha. Nilianza kwa brashi, kuandika vibao vya saluni na maduka huko Temeke, sasa nafanya kwa kompyuta, na inaniuma kuona watu wanamalizia mtaji kwenye mapambo yasiyowasaidia kuuza.

Nitaeleza kupitia kazi moja niliyoimaliza karibuni. Mteja ni mama wa Mbagala anayesaga viungo: pilau masala, bizari, tangawizi, mdalasini. Jina lake na la biashara yake sitalitaja. Ameniruhusu kueleza kazi ilivyokwenda, basi.

Alikuja na picha kwenye simu. Tayari alikuwa ametengenezewa nembo: duara la dhahabu lenye kivuli, ndani yake pilipili mbili, kijiko, kofia ya mpishi na majani, halafu jina la Kiingereza la maneno matatu kwa mwandiko wa kujipindapinda. Kwenye simu inapendeza kweli. Akaniambia, "Mwanangu, nisaidie tu kuiweka kwenye vifungashio." Nikamwomba jambo moja kwanza. Nikaichapa ile nembo kwa ukubwa wake halisi wa kipakiti, kama sentimita 4 hivi, nikaibandika kwenye kipakiti kitupu, tukatoka kwenda duka la Mangi mtaani kwake.

Duka lenyewe mnalijua, kila mtaa unalo. Dirisha la nondo na wavu, mteja yuko nje, bidhaa ziko nyuma ya muuzaji, mita 2 au 3 kutoka macho ya mteja. Viungo havipati hata nafasi kwenye shelfu. Vipakiti vimeungana kwa mkanda mrefu kama shanga, vinaning'inia kwenye msumari kati ya wembe na sabuni za kipande. Taa ni moja na iko mbali. Tukamwomba Mangi akitundike chetu pale pale, tukarudi kusimama nje ya nondo. Mama akakodoa macho, akasogea, akarudi. "Mbona haionekani?" Kwa umbali ule dhahabu, pilipili, kijiko na kofia vilikuwa vimegeuka doa moja la kahawia.

Tukaomba benchi, tukakaa kama saa nzima kusikiliza watu wananunuaje. Watoto waliotumwa, dada mwenye ndoo, kijana wa bodaboda ambaye hakuzima hata injini. Karibu hakuna aliyetaja jina la kampuni. "Nipe ile nyekundu." "Ile ya jogoo." "Siyo hiyo, ile nyingine, ya mfuniko wa bluu." Kila bidhaa inayouzika pale ilikuwa na "ile" yake, na zile zisizo na "ile" zilibaki na vumbi.

Kwangu mimi kazi ya utambulisho wa biashara inaanzia kwenye benchi lile. Kabla hujafikiria rangi wala fonti, yaani aina ya herufi, jiulize: mtoto aliyetumwa, ambaye jina lako limemtoka njiani, atasema "nipe ile" ipi? Kama hujapata jibu la neno moja au mawili, usimlipe mtu yeyote, hata mimi.

Kuna kazi inanisubiri. Nitarudi jioni.

#2 Mama Wawili

Kaka yangu umenigusa. Lakini mimi nauza batiki, wateja wangu wengi wako Instagram na wachache wananifuata Sinza. Sina Mangi wala nondo. Hiyo "ile" inanihusu vipi?

#3 Kijana wa Ubungo

Mkuu tuongee bei. Nembo yangu nilitengenezewa kwa elfu ishirini na inafanya kazi. Sioni kwa nini mtu alipe laki tatu kwa kitu cha siku moja.

#4 MchoraVibao

Nimerudi.

Dada Mama Wawili, inakuhusu sana. Mteja wako anatelezesha kidole, na picha yako ya wasifu ni kiduara kidogo kuliko kifungo cha shati. Kesho yake anamwambia shoga yake, "yule dada anayepiga picha nguo zake kwenye mkeka." Hiyo ndiyo "ile" yako ya Instagram. Kama una mkeka, ushike, piga picha zako zote juu yake hadi watu wakuzoee nao. Ukibadilisha mandhari kila wiki unaanza upya kila wiki.

Kijana wa Ubungo, elfu ishirini siipingi hata kidogo. Alama ya Nike ilichorwa mwaka 1971 na mwanafunzi anaitwa Carolyn Davidson, akalipwa dola 35. Miaka kadhaa baadaye, mambo yalipokuwa makubwa, kampuni ikampa hisa. Alama ile imejulikana kwa sababu imewekwa kwenye viatu na nguo miaka yote hiyo bila kuyumba. Kwa hiyo suala langu siyo ulilipa ngapi. Umepewa nini mkononi? Una faili la vekta, lile linalokuzwa bila kupata ukungu? Una namba za rangi zako? Una nembo ile ile ya rangi moja tupu? Unajua jina la fonti? Kama unavyo vyote kwa elfu ishirini, umepata fundi mwaminifu, mshike. Kama ulichonacho ni picha moja ya WhatsApp, siku ya kutengeneza bango utailipia tena nembo yako.

Turudi kwa mama wa viungo.

Tulipotoka kwa Mangi nilimwomba aniambie watu wananunua viungo vyake lini zaidi. Akasema bila kufikiri: "Wakati wa shughuli." Harusi, hitima, maulidi, ubani, ngoma ya kumtoa mwali. Pilau siyo chakula cha Jumanne. Nikamuuliza ukifikiria shughuli unaona nini? Akainuka, akaingia ndani, akarudi na khanga ya kisutu, ile ya harusini.

Wakuu, nimefanya kazi hii miaka mingi, lakini siku ile nilifundishwa mimi. Khanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno chini. Mtu akivuka barabara mbele yako unaijua khanga yake kwa pindo na rangi kabla hujasoma neno hata moja. Jina unalisoma akishakaribia. Mpangilio huo huo ndio unaotakiwa kwenye kifungashio: kuna cha kuonekana mita 3, kuna cha kuonekana mita 1, na kuna cha kusoma ukishakishika mkononi. Ile nembo yake ya kwanza iliweka vyote vitatu ndani ya duara la sentimita 4.

Kwa hiyo tukaanza na pindo. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, rangi za kisutu, mchoro mdogo unaojirudia kuzunguka kipakiti chote, mbele, nyuma na kwenye mishono. Katikati peupe. Hakuna pilipili wala kofia ya mpishi. Ndani ya kile cheupe jina, herufi nene, nyeusi, basi.

Mama alitaka jina liwe hilo hilo, Kisutu. Nikamwambia, "Mama, mchoro ndiyo, jina hapana." Kwa mtu wa Dar, Kisutu ni soko mjini, na zaidi ya hapo ni mahakama. Taarifa ya habari ikisema fulani amefikishwa Kisutu, kila mtu anajua ni kesi. Hutaki mtu akumbuke kizimbani anapochambua mchele. Akacheka, akakubali.

#5 Mzee wa Jangwani

Kijana, kazi yako nzuri ila hapo kwenye nyekundu na nyeupe umenishtua. Hizo ni rangi za Msimbazi, za Simba. Nyumbani kwangu hakiingii kitu cha namna hiyo, na wajukuu wanajua.

#6 MchoraVibao

Mzee wangu shikamoo. Umesema jambo ambalo mafundi wengi wanaotoa rangi kwenye violezo vya intaneti hawalifikirii. Mjini hapa rangi zina wenyewe. Kijani na njano ukiziweka pamoja umeingia Jangwani kwa Yanga na kwenye siasa kwa mpigo mmoja. Nyekundu na nyeupe umeenda Msimbazi. Yanga ni ya 1935 na Simba ya 1936, watu wamezaliwa na kuzikwa na rangi hizo, huwezi kuwaambia wazione kama rangi tu.

Macho ya watu wa Dar yamezoea kusoma rangi kabla ya maandishi. Daladala zetu zina mistari ya rangi ubavuni kuonyesha njia zake, na mtu aliyezoea njia yake anaikimbilia gari kabla hajakiona kibao cha mbele.

Hofu yako tulikuwa nayo. Kilichotuokoa ni nyeusi. Tulitengeneza sampuli 3: moja nyekundu imetawala, moja nyeupe imetawala, moja nyeusi imebeba mchoro na nyekundu imekuwa vitone tu. Mama akazibeba hadi sokoni Rangi Tatu, akawaonyesha wanawake wenzake mmoja mmoja bila kuwaeleza kitu, swali moja tu: "Hii inakukumbusha nini?" Ile ya kwanza, wawili wakataja mpira. Ile ya tatu, wengi wakasema khanga, harusi, bibi. Mmoja akasema "mkeka wa kitchen party", nikaona tumefika. Tukachukua ya tatu.

Wakuu, swali hilo liulizeni hivyo hivyo. Ukimwuliza mtu "nembo yangu nzuri?" atakujibu nzuri, sisi ni watu wa adabu. Muulize inamkumbusha nini.

Halafu rangi ukishaichagua, kaa nayo. Makampuni ya simu yanaweza kubadilika. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel 2010, na mwishoni mwa 2024 Tigo ikawa Yas. Kila mara vibanda na kuta za mji mzima zinapakwa upya, na matangazo yanakwenda miezi. Wewe mwenye vipakiti 2,000 ndani ya chumba kimoja huna uwezo wa kuwafundisha watu mara mbili.

Sasa niseme kosa langu, maana lilitugharimu. Mama alipenda karatasi ya kaki kwa sababu inaonekana ya asili, nami nikakubali bila kujaribu. Rangi ya kuchapia ni nyepesi, inapita mwanga, haifuniki kama rangi ya ukutani. Nyekundu juu ya kaki ikatoka rangi ya tofali, na sehemu nyeupe hazikuwepo kabisa, maana printa ya kawaida haina wino mweupe, nyeupe yake ni karatasi yenyewe. Kisutu yetu ikawa gunia. Stika 300 zikaenda jalalani na gharama nikabeba mimi, kwa kuwa fundi ndiye anayepaswa kujua hilo. Tukahamia karatasi nyeupe.

Na rangi za kioo cha simu msiziamini. Kioo kinatoa mwanga, karatasi inapokea mwanga. Kijani kile kinachowaka kwenye simu kikifika kwenye karatasi kinapoa, na bluu kali inaelekea zambarau. Mwambie mchapaji akupe kipande kimoja kilichochapwa kwa mashine ile ile na karatasi ile ile, ukitoe nje juani, ukiangalie, ndipo useme piga zote.

#7 Fundi Sabuni

Mimi nilikuwa msomaji tu lakini hapa lazima nichangie. Nilisajili jina la biashara BRELA, kwa wakala wa serikali wa usajili wa biashara, nikapata cheti, nikakiweka kwenye fremu ukutani. Nikachapa lebo 5,000 za sabuni ya maji. Mwaka haujaisha ikaja barua ya wakili: jina hilo ni alama ya biashara ya watu wengine, kwenye sabuni hiyo hiyo, niache mara moja. Nilienda na cheti changu nikidhani nimeshinda. Hakikunisaidia. Lebo zilizobaki nilizichoma mwenyewe uani, mke wangu amesimama mlangoni ananitazama. Wenzangu mjue kabla.

#8 MchoraVibao

Pole sana ndugu yangu. Na asante kwa kuandika, wengi wanaficha.

Hili wakuu lisomeni polepole. Kusajili jina la biashara na kusajili alama ya biashara ni vitu viwili tofauti, japo vyote vinafanyika BRELA. Jina la biashara linasema nani anafanya biashara kwa jina hilo. Alama ya biashara ndiyo inayokupa haki ya kumzuia mwingine asitumie jina au nembo hiyo kwenye bidhaa za aina yako, na ina sheria yake, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Cheti cha kwanza hakizai cha pili.

Alama inasajiliwa kwa madaraja. Yapo 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Viungo vya chakula viko daraja la 30. Sabuni ziko la 3. Ukisajili daraja la 30 pekee, halafu kesho ukafungua mgahawa kwa jina hilo, mgahawa uko daraja la 43 na hujaulinda. Ombi likikubalika linatangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, baada ya hapo unahuisha kila miaka 10. Zanzibar ina usajili wake wenyewe kupitia BPRA, wakala wa huko, kwa hiyo mwenye mpango wa kuvusha bidhaa Unguja aende na huko pia.

Kwa hiyo utafutaji wa alama unafanyika kabla ya kuchora. Kwa mama wa viungo tulianza na majina 4 kwenye karatasi. Moja tulikuta lina mtu. Jingine lilikuwa maneno ya kusifia tu, mfano wa "Viungo Bora". Hayo ni magumu kusajili, maana kila muuza viungo ana haki ya kusema vyake ni bora. Tukabaki na mawili.

Mchoro wa kisutu wenyewe nilimweleza mama wazi: huu ni wa bibi zetu wote, hutaumiliki. Unachosajili ni jina lako na mpangilio wako mzima ulivyokaa. Kesho mwingine akitumia kisutu kwenye chai yake, hujaibiwa.

Na jambo la pembeni: bendera ya taifa, ngao ya taifa na Mwenge wa Uhuru msiviweke kwenye nembo za biashara. Ni vitambulisho vya taifa, vina sheria yake. Naletewa sana hilo, hasa kwenye biashara za utalii.

#9 Mama Wawili

Kaka, kwenye hayo mawili yaliyobaki mlichaguaje? Mimi jina langu ni la Kiingereza, nilidhani linapandisha hadhi, sasa naanza kuogopa.

#10 MchoraVibao

Usiogope dada. Kiingereza siyo dhambi, ila lipeleke jina lako kwenye simu. Mpigie shangazi aliyeko Tandahimba, mwambie jina la duka mara moja, mwombe akutumie meseji ameliandika. Akilipatia, jina ni zima. Mama wa Mbagala tulifanya hivyo kwa watu 6. Jina moja lilikuwa na r na l zinazofuatana, likarudi na tahajia 4 tofauti. Hapo mtu akikutafuta mtandaoni hakupati. La pili likarudi sawa kwa wote 6. Tukaacha kubishana.

Kisha kuna lipa namba. Mteja akilipa, kabla hajathibitisha, simu inamwonyesha jina la mpokeaji. Kama dukani umeandika jina moja na simu inaonyesha jina la shemeji yako, mteja anasimama, anakuangalia, anauliza "ni hapa hapa?" Siku hizi watu wameibiwa sana, wana haki ya kusita. Lipa namba isome jina la biashara. Hiyo nayo ni sehemu ya utambulisho wako, na inaonekana mara nyingi kuliko bango.

Pia muhuri. Nchi hii bila muhuri hakuna karatasi inayokwenda, na muhuri una rangi moja na wino unaotanuka. Nembo yenye vivuli na mistari myembamba ikigongwa inakuwa uji. Mimi kila nembo naijaribu kwa muhuri kabla ya kuikabidhi: nyeusi tupu, upana wa sentimita 2. Ikisomeka hapo, inasomeka kwenye risiti, kwenye karatasi ya dilivari, na hata ikichongwa kwenye mbao.

Nilipokuwa kijana wa brashi nilikuwa napita Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Said Tingatinga mwenyewe alifariki mwaka 1972, lakini unapoona chui wa namna ile hata ukiwa ng'ambo ya barabara unajua ni Tingatinga. Rangi zimelala bapa, umbo limezungushwa waziwazi, hakuna kivuli cha kubabaisha. Walitumia rangi za kung'aa za dukani, zile za baiskeli, juu ya kipande cha ubao, na imetosha kwa dunia nzima. Naendelea kujifunza kutoka pale.

Mabango: herufi ya urefu wa sentimita 2.5 inasomeka vizuri kwa kama mita 3. Duka lako likiwa mita 15 kutoka barabarani, herufi za jina zisipungue sentimita 12 au 13. Pima kwa hatua, ndipo uagize bango. Watu wanaweka picha ya mwenye duka, namba 3 za simu, orodha ya huduma 14, na jina linabaki limebanwa juu kwa herufi za ukubwa wa kidole.

Sasa vifungashio vya mama vilivyotoka. Toleo la kwanza tulikosa kitu kimoja ambacho hakuna kompyuta ingenionyesha. Mangi anatundika vipakiti kwa kuvitoboa juu na msumari. Jina letu lilikuwa juu. Nilipopita wiki ya kwanza nikakuta msumari umepita katikati ya jina kwenye kila mkanda. Tulishusha jina sentimita 2, pale juu tukaacha pindo tupu lenye alama ndogo ya tundu, naye Mangi anatoboa hapo hapo.

Nyuma tumeacha nafasi ya yanayotakiwa: viambato, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, namba ya toleo, jina na anwani ya mzalishaji. Tumeacha na sehemu nyeupe ya alama ya TBS, shirika la viwango, na ya msimbomilia (barcode). Alama ya TBS hatujaichapa, na hatuchapi mpaka leseni itoke. Kuna watu wanaibandika mapema wakisema wataifuatilia baadaye, hilo ni kosa, na mteja akijua amedanganywa hapo hakuamini tena popote. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, atapata maelekezo na barua ya utambulisho ya kumpeleka TBS. Msimbomilia wa hapa kwetu, unaotolewa na GS1, unaanza na 620. Ukitaka kuingia supamaketi utauhitaji, kwa Mangi hauhitajiki, kwa hiyo usiukimbilie siku ya kwanza.

Jumamosi iliyopita nilikaa tena kwenye lile benchi. Akaja mtoto wa kike wa kama miaka 8, noti mkononi. "Shikamoo. Mama kasema nipe ile ya khanga." Mangi akanyoosha mkono bila kugeuka.

#11 Mzee wa Jangwani

Nimeuliza nyumbani, kumbe mke wangu anayo jikoni tayari. Mimi nilidhani ni khanga imekatwa. Hongera kijana.

#12 Kijana wa Ubungo

Mkuu nimekuelewa, naomba radhi kwa nilivyoingia. Nimefungua simu nikatazama nilichonacho ni JPG moja tu niliyotumiwa WhatsApp. Leo fundi wa fulana Kariakoo ameikataa, kasema ina ukungu. Nina fulana 20 za vijana wangu wa dilivari zinahitajika Ijumaa. Nifanyeje?

#13 MchoraVibao

Hakuna haja ya radhi, umeuliza swali la watu wengi.

Kwanza mpigie aliyekuchorea, muombe faili lake la asili, la vekta: AI, SVG, EPS au PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye programu aliyochorea. Mwambie alitume kama dokumenti siyo kama picha, maana WhatsApp inaikamua picha. Usikubali akuwekee ile JPG ndani ya PDF akakwambia ni vekta. Ifungue, ikuze mara 20. Kingo zikibaki kali, ni yenyewe. Zikiwa na ngazi ngazi, bado. Muombe pia jina la fonti na namba za rangi, na mwandikiane hata kwa meseji kwamba mchoro ni mali yako na unaweza kuutumia popote.

Akishindwa, nitumie hapa PM hiyo uliyonayo pamoja na picha ya kibao chako cha sasa. Kwa fulana za skrini tutatumia rangi moja, mbili zikizidi, kwa sababu kila rangi ni fremu yake na gharama yake. Nembo mgongoni iwe kubwa, upana wa sentimita 25, ili anayefuata nyuma kwenye foleni ya Ubungo aisome. Kifuani weka ndogo.

Fulana zenyewe ni za rangi gani? Nijibu usiku huu, kesho asubuhi niko Kariakoo, naweza kupita kwa huyo fundi wako.